Kabla hujailaumu ramani, angalia sauti yake: yaliyonikuta mimi na mjomba

Juzi usiku nimepata meseji ya msomaji mmoja, ndefu kidogo ila kiini chake ni hiki: "Dada, navigesheni ya gari langu inanong'ona. Nikipandisha sauti mziki unanipasua masikio, nikishusha mziki ramani nayo ndo siisikii kabisa. Nimepotea mara mbili wiki hii. Nifanyeje?" Nikaisoma, nikaiweka simu chini kwanza. Ile hali naijua jamani, naijua vibaya sana, na kaka yangu mpaka leo akiniona nimeshika funguo ananiuliza "leo mtafika?" na bado inaniuma kila akisema.

Kwa hiyo badala ya kumjibu yeye peke yake nimeona niandike hapa, maana najua wengi mnaonisoma ni watu wa aina yangu, mnataka muwe madereva wa kuaminika, ukisema saa tatu unafika saa tatu kasoro, ukimbeba mtu mzima anashuka ametulia na siku nyingine anasema nipelekwe na yule yule. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka mimi.

Miezi miwili iliyopita mjomba wangu alikuwa na miadi na daktari wa macho, miadi aliyoingoja muda mrefu, kwenye mji ambao mimi sijawahi kuendesha gari hata siku moja. Nyumbani walitaka kaka ndo ampeleke. Nikasema hapana, mjomba nampeleka mimi, gari ninalo, leseni ninayo, njia ramani itanionyesha. Nilisema mbele ya watu na kwa sauti ya kujiamini kabisa. Siku moja kabla nikaliosha gari ndani na nje, nikajaza mafuta, nikapima upepo wa matairi, nikaweka maji ya waipa, nikaandika anwani kwenye ramani na kuihifadhi ili asubuhi nisihangaike. Nilikagua vitu vyote isipokuwa sauti, tena ile sauti niliiharibu mimi mwenyewe kwa mkono wangu jioni ile ile, na sikujua. Nitawaeleza ilivyokuwa.

Asubuhi tukatoka. Mjomba amekaa mbele, redio inapiga nyimbo zake za zamani kwa kiasi anachokipenda, sio juu sio chini, anagonga kidole kwenye goti. Tukaingia barabara kuu, gari linatembea vizuri, nipo kwenye mia kwa saa. Mimi nangoja ile sauti iniambie toka wapi. Kimya. Nikajiambia bado hatujafika. Tukapita kibao kimoja, tukapita cha pili, ndo natupa jicho kwenye skrini naona ule mstari wa bluu unajichora upya, na pale chini muda wa kufika umeruka dakika 26 mbele. Njia ya kutokea nimeshaipita. Mjomba akanigeukia taratibu akasema, "Mwanangu, hatukupaswa kukata pale?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili la pili ndo kubwa kuliko la kwanza. Nikaanza kuitafuta sauti nikiwa naendesha. Nikazungusha kitufe kwenda juu, redio ikalipuka, mjomba akaziba sikio. Nikashusha. Ramani kimya. Nikapandisha tena, nikashusha tena, nikagusa skrini, nikaingia kwenye menyu, nikatoka, nikaingia nyingine. Ukiwa kwenye mia kwa saa gari linakula kama mita 28 kila sekunde, ukiangalia pembeni sekunde mbili umeshatembea kama mita 56 bila macho. Mimi niliangalia zaidi ya mbili. Niliponyanyua kichwa gari la mbele limewasha taa za breki zote nyekundu, nikakanyaga breki mpaka mkanda ukanikaba, na nikamwona mjomba ameishika dashibodi kwa mikono yote miwili. Hatukugonga. Lakini ile mikono yake pale kwenye dashibodi, mpaka leo nikifumba macho naiona, vidole vimekakamaa na pete yake imegonga plastiki ikatoa mlio kidogo.

Tulichelewa dakika 50. Nafasi yake ilikuwa imepewa mtu mwingine, wakamweka mwisho wa foleni, tukakaa mpaka jioni. Alionwa, namshukuru Mungu, ila mzee wa watu alishinda kwenye kiti cha chuma siku nzima kwa sababu yangu. Kurudi hatukuongea sana. Tulipofika nyumbani watu wakauliza safari ilikuwaje, mjomba akajibu maneno manne tu: "Gari zuri. Dereva bado." Kaka akacheka. Wote wakacheka. Mimi nikaenda kukaa kwenye gari.

Na ndo kwenye gari nilipoijulia hii siri, usiku ule ule, limepaki. Nilikuwa nimeweka swichi tu injini imezimwa, nimeiambia ramani inipeleke sehemu yoyote, nataka tu iongee. Kwenye skrini kuna alama ya kufanya irudie maelekezo ya mwisho. Nikaigusa. Nikategea sikio karibu kabisa na spika ya mlango, na kweli ilikuwa inaongea, lakini kama mtu aliyefunikwa blanketi. Nikaigusa tena na safari hii, sijui kwa nini, nikazungusha kitufe cha sauti wakati ule ule inaongea. Kwenye skrini pakatokea kile kimstari cha kupima sauti, ila kialama chake hakikuwa kile cha noti ya mziki ninachokijua, kilikuwa kimshale kidogo. Na kimstari chenyewe kilikuwa karibu na sifuri. Nikazungusha. Sauti ikapanda, safi, wazi, ndani ya gari zima: baada ya mita mia mbili, kunja kushoto. Nikawasha redio, redio iko pale pale nilipoiacha, haijapanda hata kidogo.

Kumbe sauti ndani ya gari sio moja! Kwenye magari mengi ya sasa mziki na redio vina kiwango chao, ramani ina chake, simu ukipigiwa ina chake, na mlio wa simu nao una chake. Gari linavikumbuka vyote, hata ukizima na kuwasha kesho. Lakini kitufe cha kuzungusha ni kimoja. Kitufe kinamtii anayeongea wakati huo. Kama anaongea redio, umegusa redio. Kama anaongea ramani, umegusa ramani. Kama hakuna anayeongea, basi mara nyingi umegusa mziki, ndo maana yule msomaji wangu kila akizungusha ni mziki unaopanda na ramani inabaki chini ya kisima. Ukiwa na Android Auto au Apple CarPlay, zile zinazoleta ramani ya simu kwenye skrini ya gari, ni hivyo hivyo, ngoja sauti ya maelekezo itoke, ndo uzungushe.

Sasa nikakumbuka ile jioni ya kabla ya safari. Nilikuwa narudi kutoka kuosha gari, nasikiliza mazungumzo redioni, ramani ikanikatisha kwa sauti kubwa, nikakasirika nikazungusha kitufe chini fasta. Nilidhani nashusha redio. Kumbe aliyekuwa anaongea sekunde ile ni ramani, kwa hiyo niliyemzika ni ramani, redio ikabaki vizuri na mimi nikabaki sina habari. Nilikaa pale kwenye gari nimeshika kichwa. Miadi ya mjomba iliharibika kwa kitendo cha sekunde moja cha hasira, na sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza na ndo mkubwa, ukichukua huu peke yake unatosha: gari likiwa limesimama, ifanye ramani iongee, na wakati inaongea zungusha kitufe. Gusa alama ya kurudia, au weka safari ya uongo kama nilivyofanya mimi, au kama unatumia Google Maps kwenye simu ingia kwenye setingi upande wa navigesheni, kuna sehemu ya kupiga sauti ya majaribio. Hapo hapo kuna ngazi tatu za ukubwa wa sauti ya maelekezo, ya chini, ya kawaida na ya juu, weka ya juu halafu umalizie kwa kitufe cha gari. Magari yenye navigesheni yake ya kiwandani nayo mara nyingi yana sehemu kwenye setingi za sauti ambapo unaikuta sauti ya maelekezo peke yake, unaisogeza bila kungoja iongee. Na usikae nusu saa swichi imewashwa injini imezimwa kama mimi, betri inaisha, asubuhi yake mimi niliwashwa kwa waya za jirani.

Kuna watu watafanya hivyo na bado wataniambia dada haijasaidia. Ndio, kuna sababu nyingine, na nimezipitia karibu zote kwa sababu baada ya siku ile niliamua hakuna sauti itakayonishinda tena kwenye gari lile.

Inayowasumbua wengi ni hii ya Bluetooth na redio. Simu umeiunganisha na gari kwa Bluetooth, ramani iko kwenye simu, ila wewe unasikiliza FM. Simu inatuma sauti ya ramani kwenye njia ile ile ya mziki wa Bluetooth, na gari wala haliisikilizi ile njia kwa sababu umelichagulia FM. Ramani inaongea kweli, inaongea peke yake kwenye chumba kisicho na mtu. Unaweza kuzungusha kitufe mpaka kikatike. Dawa yake iko tatu, chagua moja: sikiliza kutoka kwenye Bluetooth yenyewe badala ya FM, au ingia kwenye setingi za app ya ramani uiambie itoe sauti kama vile ni simu inapigwa, maana simu ikiingia gari huwa linanyamazisha redio lenyewe, au uiambie itumie spika ya simu, uweke simu kwenye stendi yake karibu. Mimi natumia ile ya kama simu inapigwa. Sauti inakuwa nyembamba kidogo lakini haipotei, na hapo ujue kiwango kinachotumika ni kile cha simu, sio cha ramani, kwa hiyo zoezi la kuzungusha wakati inaongea unalirudia.

Nyingine ni ile ya kumezwa kwa maneno ya mwanzo. Ramani ilikuwa iseme "baada ya mita mia tatu kunja kushoto", wewe unasikia "...tatu kunja kushoto". Mita tatu? Mita mia tatu? Hii inatokea kwa sababu njia ya Bluetooth ikikaa kimya inasinzia, sauti ikija inachukua muda kidogo kuamka na maneno ya kwanza ndo yanapotea. Watu wanadhani sauti iko chini wanapandisha, wanapandisha, halafu neno la mwisho linawatoa roho. Sio ukubwa wa sauti. Acha mziki ucheze hata kwa chini sana kutoka kwenye simu ile ile, njia inabaki macho, maneno yanafika yote.

Halafu kuna simu yenyewe. Magari mengine ukiunganisha simu, kitufe cha gari na cha simu vinatembea pamoja, mengine kila mtu na lake, simu iko nusu na gari liko nusu na unapata robo. Ipandishe ya simu karibu na mwisho kisha upimie kwenye gari. Kwa waya ile ya AUX usifike mwisho kabisa, sauti inakwaruza. Na angalia kile kialama cha spika kwenye ramani wakati inakuelekeza, kina hali tatu, kuongea kila kitu, kuongea tahadhari tu, na kunyamaza. Ile ya tahadhari tu ni mtego, inakuambia kuna foleni mbele ukafurahi kwamba sauti ipo, halafu kwenye kona haisemi neno.

Na mwendo. Sauti uliyoipima limepaki, madirisha yamefungwa, sio ile utakayoisikia kwenye mia kwa saa na matairi yanavuma chini na upepo unapiga kioo. Ukipima limesimama iongeze kidogo juu ya unapoona inatosha. Magari mengi yana setingi ya kupandisha sauti yenyewe kadiri mwendo unavyoongezeka, ina ngazi za chini, kati na juu, iweke ya kati uone. Usiende kwenye kupiga kelele pia. Sauti inayofoka inamshtua dereva, na dereva aliyeshtuka anafanya kama nilivyofanya mimi ile jioni, anaizika.

Nilisoma sana kipindi kile, nilikuwa nimeumia. Nikakuta kwamba Honda mwaka 1981 walitoa kifaa cha kumwongoza dereva, Electro Gyrocator, hakitumii setilaiti, kinahisi chenyewe gari limegeuka wapi, na ramani ilikuwa shiti ya plastiki unayoona nyuma yake, unaichomeka mbele ya skrini, ukitoka eneo hilo unachomeka nyingine. Yani dereva anabadilisha ramani kwa mkono na kuangalia kinukta kinatembea. Nilifikiria sana hicho kitu. Watu wametoka huko wakatuletea sauti ili macho yetu yabaki barabarani, halafu mimi nikaitoa ile sauti nikarudi kuangalia kinukta, nikiwa kwenye mwendo kasi na mzee pembeni.

Ndo maana nawaambia ndugu zangu, na hapa naongea kwa ukali kidogo mnisamehe, acheni kuichukulia sauti kama pambo. Unapima upepo, unapima oili, unavaa mkanda, pima na sauti. Dakika moja kabla ya kutoka. Nyie mnaobeba wazazi, mnaobeba watoto wa watu, mnaofanya kazi ya kubeba abiria na mteja anakupa nyota kwa kufika, mna sababu gani ya kuanza safari hamjui kama anayewaelekeza anasikika? Na ukiwa umeshaingia barabarani ikanyamaza, usiitafute. Nimesema usiitafute! Ukipitwa na kona umepitwa, ramani itachora njia nyingine, utachelewa dakika 26 na utaishi. Ukiwa na mtu pembeni mwambie akusomee. Ukiwa peke yako tafuta pa kusimama palipo salama, simama, ndo uguse. Mjomba alikuwa amekaa pale pale pembeni yangu, anaona skrini vizuri kuliko mimi, na sikumwomba kwa sababu ya kiburi, nilitaka aone naweza.

Msomaji wangu nilimjibu kwa kifupi jana, nikamuuliza swali moja, unasikiliza nini ukiwa unaendesha? Akasema FM. Nikamwelekeza ile ya kama simu inapigwa na ile ya kuzungusha wakati inaongea. Leo asubuhi kaniandikia kafika kazini bila kupotea, ila sauti sasa ni kubwa mno, nikamwambia basi shusha, lakini ujue unamshusha nani.

Mjomba naye wiki iliyopita alikuwa anarudi kwa daktari kuangaliwa tena. Sikujitokeza. Nilijua kaka ndo atampeleka na nikakaa kimya. Yeye mwenyewe akanipigia, akasema njoo saa kumi na mbili, usichelewe. Nikaenda. Kabla sijatoa hendibreki nikaifanya ramani iongee, nikamwambia mjomba zungusha wewe mpaka usikie vizuri. Akavaa miwani yake, akashika kile kitufe kwa vidole viwili kama anafungua redio ya zamani, akazungusha ikapita. Akaniambia, "Irudie, nimeizidisha." Nikagusa irudie. Akashusha kidogo, akasikiliza mpaka mwisho wa sentensi, akatikisa kichwa kukubali. "Haya. Na sasa niwekee nyimbo zangu."

Tulifika dakika 20 kabla.